Rafiki amepiga simu, yuko Dar mpaka jioni: mwongozo kamili wa Kariakoo, chakula na kikao

Simu za namna hii haziji kwa taarifa. Saa 2 asubuhi, chai bado ya moto, inaita namba ya mtu mliyemaliza naye kidato cha nne: "Wewe! Uko wapi? Nimeshuka Dar sasa hivi, narudi jioni. Nina vitu viwili vitatu nataka Kariakoo, twende wote."

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nimezipokea simu hizi zaidi ya nilivyozoea. Safari ya karibu kilomita 200 sasa haimalizi saa mbili. Rafiki niliyekuwa nakutana naye misibani na harusini tu anaweza kuja asubuhi na usiku akalala kwake.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilimpitisha mwenzangu duka hadi duka kuanzia saa 4 mpaka saa 10, tukala tumesimama, tukanywa maji tukitembea, tukapata kila kilichokuwa kwenye orodha. Treni ilipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba mama yake alikuwa anaumwa na sikuwa nimemuuliza hata neno. Iliniuma sana. Tangu siku ile ratiba naianza na mahali pa kukaa. Natafuta vituo vitatu vya kukaa kwanza, cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, kisha maduka nayaingiza katikati yake. Hatua zote zinazofuata zinasimama hapo.

Kabla hujakata simu

Muulize mambo matatu. La kwanza, tiketi ya kurudi ni ya saa ngapi. Saa hiyo ndiyo inayotawala siku nzima, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: awe stesheni saa nzima kabla ya treni, na kabla ya hapo weka nusu saa ya foleni na mizigo. Kama treni ni ya saa 1 jioni, maduka yaishe saa 9 alasiri. Muda unaobaki ni wa kukaa.

La pili, ni vitu gani viwili hawezi kurudi bila kuwa navyo. Atakutajia saba. Mwambie achague viwili, vile vingine tutavinunua vikitokea njiani. Kariakoo haimalizwi kwa siku moja, na mwenye orodha ndefu hutembea anaangalia saa badala ya kumwangalia mwenzake.

La tatu, amekula? Mtu aliyedamka saa 10 usiku kuwahi treni ana njaa, hata akisema hana.

Angalia pia ni siku gani. Ijumaa baadhi ya maduka hufungwa kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana kwa ajili ya swala, basi kituo chako cha mchana kiangukie hapo. Jumamosi na siku za mwisho wa mwezi Mtaa wa Kongo hujaa bega kwa bega. Jumapili maduka mengi hayafunguliwi kabisa. Jumanne mpaka Alhamisi ndizo siku nzuri. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ukiamka na mvua kubwa sikiliza habari za Jangwani kwanza, kwa sababu bonde likijaa maji Barabara ya Morogoro hufungwa pale na mabasi ya mwendokasi hukatishwa.

Pesa, mavazi na njia

Toa pesa kwa wakala wa mtaani kwako, usisubiri ufike Kariakoo ukahesabu noti katikati ya watu. Omba noti ndogondogo, za 1,000, 2,000 na 5,000. Ukitoa noti ya 10,000 kununua kitu cha 3,500, muuzaji atakwenda kutafuta chenji na wewe utasimama barazani ukimsubiri. Gawanya pesa sehemu mbili: ya matumizi kwenye pochi ndogo, nyingine ndani kabisa ya mkoba. Mkoba uwe wa zipu na uukumbatie mbele. Simu usiitoe barabarani. Ukihitaji kupiga, ingia dukani. Vaa viatu bapa ulivyokwisha kuvizoea.

Kwa anayetoka njia ya Kimara na Ubungo, panda mwendokasi wa Gerezani ushuke Msimbazi. Kwa mgeni wa treni, stesheni ya SGR haiko mbali na Kariakoo, bajaji inatosha. Mkubaliane kukutana mahali penye kivuli na jina linalojulikana na kila dereva. Usiseme "pale kwenye kona ya maduka", kwani Kariakoo nzima ni kona za maduka.

Zungumzeni pesa mapema

Hapa ndipo urafiki wa miaka mingi huumia bila mtu kusema, na ningependa ulifikirie kidogo jambo hili. Mliachana mkiwa sawa, mnagawana andazi moja wakati wa mapumziko. Leo mmoja ana duka, mwingine anasomesha watoto wanne kwa mshahara wa ualimu. Hamjaonana miaka mitatu na hujui mwaka wake umekuwaje.

Ninachofanya ni hiki. Tukikutana tu, kabla ya chai, nasema: "Shoga, tutoe kila mtu elfu 15 ya chakula na nauli, nishike mimi." Kiasi nakitaja kidogo kwa makusudi, ili yeyote aweze kukitoa bila kujikuna kichwa. Pesa hiyo inakaa kwenye pochi moja na kila kitu cha pamoja kinalipiwa humo: supu, bajaji, maji, juisi. Ikiisha mapema najazia kimyakimya, kwa kuwa ninayeshika pochi ni mimi. Hakuna kuvutana mbele ya mhudumu, wala mtu kuagiza chai tupu akidai ameshiba kumbe anahesabu nauli ya nyumbani. Ununuzi wa dukani kila mtu na mfuko wake.

Ukiona mwenzako ameshika kitu, amekiangalia sana, kisha amekirudisha, usiseme "chukua, nitakulipia" mbele ya muuzaji. Utamtia haya. Kama unacho cha kumpa, mnunulie mtoto wake. "Hii mpelekee mwanangu" ni neno ambalo halina deni, na kila mama hulipokea kwa mikono miwili.

Kikao cha kwanza: supu na chapati

Anzeni kwa kukaa. Supu ya mbuzi au ya ng'ombe, chapati mbili, ndimu na pilipili pembeni. Hoteli ndogo za kuzunguka Msimbazi zinapika supu tangu alfajiri, na nzuri huisha kabla ya saa 5. Chagua penye watu wanaoingia na kutoka, kwa sababu sufuria inayomalizwa haraka ndiyo yenye supu ya leo. Tazama pia chapati: zikiwa zinatoka kwenye kikaango wakati huo, kaa. Zikiwa zimerundikwa kwenye ndoo tangu usiku, agiza maandazi.

Kaeni dakika arobaini. Muulize ya nyumbani kwanza: wazazi, watoto, kazi. Haya ya uzito yasemwe asubuhi mkiwa na nguvu, mkiwa bado hamjabeba mifuko. Mwenzangu mmoja aliniambia pale pale, kijiko mkononi, kwamba mumewe alikuwa amepoteza kazi tangu mwaka uliopita. Tulifuta nusu ya orodha, na siku ile ikawa nzuri kuliko nyingine zote.

Kuingia Kariakoo

Jina lenyewe limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho kambi yake ilikuwa eneo hili. Jengo la soko lenye paa la miavuli ya zege lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021. Kwa sisi tuliokuwa tunatumwa Shimoni, sehemu ya chini ya soko hilo, kununua nazi na viungo, kupita tu kando yake kunafungua mazungumzo ya nusu saa.

Kwa ununuzi, kumbuka mitaa michache. Kongo ni nguo, viatu na mikoba. Aggrey na Likoma ni simu na vifaa vyake, nami nakushauri simu usinunue siku ya matembezi, kwani inataka utulivu wa kukagua na kurudi kesho ikisumbua. Mtaa wa Uhuru, upande wa kuelekea Mnazi Mmoja, ni khanga, vitenge na vikoi. Mpango wangu ni kuanza Kongo wakati jua halijawa kali, kisha kushuka taratibu na Uhuru hadi Mnazi Mmoja. Njia hiyo inakutoa kwenye msongamano badala ya kukurudisha ndani, na vitambaa, ambavyo ndivyo vizito, vinanunuliwa mwisho.

Mtakutana na mawinga. Winga ni kijana anayesimama barabarani, anakuuliza unatafuta nini, kisha anakupeleka dukani au anakwambia "subiri hapa, nakuletea". Ana faida yake juu ya bei ya duka. Ni kazi halali, na ukiwa unatafuta kitu adimu atakuokolea saa mbili za kuzunguka. Lakini ujue unamlipa. Niliwahi kununua viatu vya shule kwa winga kwa 30,000, nikifurahi kwamba nimemshusha kutoka 35,000. Milango miwili mbele nikaviona vilevile, namba ileile, kwa 22,000. Sasa nikifika dukani nauliza kwa upole, "Kaka, duka ni lako?" Akisema la, namshukuru na naomba kuongea na mwenye duka.

Bei huanza na salamu. "Habari za kazi, kaka" au "Shikamoo mama" kwa aliyekuzidi umri, halafu ndipo "hii unauzaje?" Ukisikia "elfu 25, maongezi yapo", umefunguliwa mlango. Usitaje nusu ya bei kama hukukusudia kununua, kwa sababu muuzaji akikubali ukaondoka, utakuwa umemvunjia heshima. Taja bei unayoweza kuitoa kweli, nyamaza, ugeuze nguo uitazame ndani. Mshono wa ndani utakupa la kusema: uzi unaotoka, zipu inayokwama, kifungo kilicholegea.

Mkiwa wawili mna nguvu moja ambayo mtu peke yake hana. Uliza, "Jumla inaanzia pisi ngapi?" Maduka mengi ya Kariakoo yanauza jumla na rejareja kwa pamoja, na bei ya jumla huanzia pisi tatu au sita kwa vitu vidogo. Soksi, madaftari, vyombo, nguo za ndani za watoto: unganisheni mahitaji yenu mfikie idadi hiyo, kisha mgawane mkikaa jioni. Uliza pia kama mnaruhusiwa kuchanganya rangi na saizi. Mara nyingi jibu ni ndiyo.

Ukilipa kwa simu, tumia lipa namba iliyobandikwa dukani, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalojitokeza. Lilingane na jina la duka. Namba ya kutajiwa kwa mdomo na mtu asiyekaa nyuma ya kaunta, ikatae. Subiri ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako na ya muuzaji ndipo uchukue mfuko, na dai risiti. Bila risiti hakuna kurudisha saizi.

Khanga, kwa utulivu

Hiki ndicho kituo ninachokipenda kuliko vyote, na nataka msikimbie. Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Kila kipande kina takriban sentimita 150 kwa 110, kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, chini ya mji. Mwombe muuzaji aifungue doti yote mezani. Usiinunue ikiwa imekunjwa.

Kwanza tazama pindo. Upana wake uwe sawa pande zote. Kuna khanga ambazo uchapaji umehama, pindo la kushoto nene, la kulia jembamba, na fundi akikunja upindo wa kushona jina linaingia ndani na kupotea. Kagua vipande vyote viwili, kwani kosa mara nyingi liko kwenye kile cha chini.

Pili, ushike. Khanga mpya huwa ngumu kwa wanga, na wanga unaweza kuficha kitambaa chepesi. Chukua pembe moja, ifikiche kati ya vidole kama unafua. Ukiona unga unadondoka na nyuzi zinaachana hata unaona mwanga katikati, ikifuliwa mara mbili itabaki kama chandarua. Iliyosukwa vizuri hulainika tu na nyuzi hubaki zimeshikana.

Tatu, rangi. Lowesha kidole gumba kwa maji, sugua sehemu nyeusi au nyekundu ya pindo. Kidogo kitatoka, hilo ni la kawaida kwa kitambaa kipya. Kikitoka kama wino, achana nayo, au ujue itafuliwa peke yake.

Mwisho, soma jina kwa sauti, mwenzako asikie. Uzuri wa mji usikusahaulishe maneno. Ukimpelekea mama mkwe khanga yenye "Hasidi hana sababu" utaeleza mpaka mwakani. Mimi na rafiki yangu wa Morogoro tulichukua sare, doti mbili za jina moja, yenye "Japo sipati tamaa sikati". Tulisimama tukizisoma majina karibu nusu saa, tukikumbuka bweni na matroni wetu, na muuzaji, mama wa makamo, akatuvutia stuli mbili tukae.

Kwa kitenge, uliza ni yadi ngapi na umpigie fundi wako palepale akwambie zinazotosha mshono unaoutaka. Ukitaka kujua kama ni pamba tupu, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome nje ya duka: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na huacha majivu laini, polyester huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.

Kikao cha pili: mchana

Msingoje mpaka saa 9. Chakula cha mama lishe kiko bora kati ya saa 6 na saa 8. Baada ya hapo pilau inakwanguliwa, na samaki aliyebaki ni mkia. Agizeni sahani mbili tofauti, mmoja wali wa nazi na samaki, mwingine pilau na kachumbari, mle kwa kubadilishana. Ukiwa mgeni wa mahali, tazama wanachokula wabeba mizigo na wenye maduka ya jirani, kwa maana wao hula pale kila siku. Mikono inawe kwa maji yanayomiminwa, na juisi ya miwa ikamuliwe mbele yako, na tangawizi na ndimu ndani yake.

Mkimaliza, msiinuke. Mifuko iwe chini ya miguu, kamba ya mkoba ipitie mguuni. Hapa ndipo vicheko vya shule vinapokuja, mkiwa mmeshiba.

Alasiri: Posta na Kivukoni

Kutoka Mnazi Mmoja hadi Posta hata kwa miguu panafika, ila kwa mizigo chukueni usafiri na mkubaliane bei kabla ya kupanda. Kama treni ni ya jioni, nendeni Kivukoni. Pana upepo wa bahari, panapita pantoni ya Kigamboni, na Soko la Samaki la Feri liko palepale. Samaki mbichi usimpakie mtu anayesafiri. Mnunulie wa kukaanga, changu au kibua, aliyepoa kabla ya kufungwa, kwa sababu aliyefungwa na joto lake hulowana na kuharibika haraka. Mafundi wa kukaanga wapo hapohapo sokoni.

Kama mwenzako analala Dar, bora zaidi ni Coco Beach kwa mihogo ya kuchoma, kachumbari na mishikaki. Daraja la Tanzanite, linalotumika tangu 2022, limefupisha njia ya kutoka mjini. Fikeni saa 11. Jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kulingana na mwezi, lakini bahari iko mashariki, kwa hiyo litazama nyuma yenu. Mtakachokiona mbele ni maji yakibadilika rangi taratibu, na mwezi ukichomoza baharini kama ni siku zake. Mkiwa mmebaki mjini, mitaa ya Kisutu huanza kutoa meza nje magharibi, na harufu ya mishikaki na kuku wa kuchoma itawaongoza.

Pale mlipokaa jioni ndipo mgawane vitu vya jumla na kufunga mizigo upya: vizito chini, khanga juu ya vyombo ili visigongane, samaki kwenye mfuko wake mbali na nguo. Vunja pochi ya pamoja na mrudishie mwenzako nusu ya kilichobaki, hata kama ni 1,500.

Stesheni

Fikeni mapema. Tiketi na kitambulisho viwe mkononi, siyo chini ya begi. Mwambie hapo hapo kwamba umefurahi. Msiiachie simu kazi hiyo. Kabla hajapita kwenye ukaguzi, fungueni kalenda mtazame siku za mwezi ujao ambazo watoto wamefunga shule.

Halafu usilale mpaka ujumbe wa "nimefika" uingie. Kesho yake peleka doti yako kwa fundi ikatwe na kupindwa. Kisha ilowekwe peke yake kwenye maji, wanga utoke. Ikikauka mtumie picha, kwa sababu yake pia iko kwenye kamba huko Morogoro.